UZI MAALUMU: Ngao ya joto ya turbo ya kujitengenezea, na namna ya kulidhibiti joto la ekzosi

Msumari Moto (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Tukusanye hapa mambo ya joto la ekzosi kwenye gari za turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa), maana maswali yametapakaa na majibu yanagongana. Huyu anasema funga bandeji (utepe wa kuzuia joto unaozungushwa kwenye bomba) kila mahali, yule anasema bandeji ni sumu, wa tatu anauliza kama bati la kuezekea litafaa. (Halitafaa, tutafika huko.)

Injini ya petroli yenye turbo ikikanyagwa mafuta kwa muda, moshi unaoingia kwenye turbo unafika nyuzi 900 na kuvuka. Nyuzi za joto za Selsiasi, si hizi za mijadala. Dizeli ikiwa na mzigo huwa kati ya 700 na 800. Konokono la chuma la upande wa moto, yaani ganda la turbo linalopitisha moshi, nalo hupanda hadi likawa jekundu, na ukifungua boneti usiku unaliona waziwazi.

Joto linatoka pale kwa njia tatu: linapita kwenye chuma kilichogusana na chuma, linabebwa na hewa, na linanururika kama la jua. Wengi hupambana na hewa ya moto, kumbe kwenye chuma chekundu mkorofi mkubwa ni mnururisho. Mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha joto, likihesabiwa kwa kelvini. Uso mweusi wenye nyuzi 400 unatoa karibu kilowati 11.6 kwa kila mita mraba. Uupeleke nyuzi 800, unatoa karibu kilowati 75. Geji imesoma mara mbili, mnururisho umeongezeka mara sita na nusu. Ndiyo maana plagi ya plastiki iliyo sentimita kumi kutoka kwenye turbo inalainika hata kama hewa inayopita hapo katikati si ya kutisha.

Sasa ukishajua hilo, unajua pia kwamba dawa yake si unene wa bati. Dawa ni uso unaong'aa pamoja na nafasi ya hewa. Alumini safi inayong'aa inapokea na kutoa takriban asilimia 5 hadi 10 tu ya mnururisho. Chuma chenye kutu kinapokea na kutoa asilimia 80 na zaidi. Bati la nusu milimita lililokaa milimita 15 kutoka kwenye manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) linalinda kuliko sahani ya milimita 3 iliyobandikwa juu ya manifoldi hiyohiyo. Ile iliyogusa inageuka kuwa manifoldi ya pili.

Naacha hapo kwanza. Mafundi wa bati karibuni.

---

Geji Tatu

Umeanza vizuri mkuu, ila kabla mtu hajashika mkasi wa bati ajiulize kwa nini joto limezidi. Ngao haiponyi injini inayochoma vibaya.

Kwa petroli, angalia mambo matatu. La kwanza ni taimingi ya cheche iliyochelewa kupita kiasi: mafuta yanaendelea kuungua wakati valvu ya ekzosi imeshafunguka, kwa hiyo joto ambalo lingesukuma pistoni linakwenda kuchemsha turbo. La pili ni mchanganyiko mkavu, yaani mafuta machache kwa hewa, wakati wa busti (turbo ikisukuma hewa kwa shinikizo). Injini nyingi za petroli zenye turbo zikibanwa hutakiwa kuwa na lamda (kipimo cha hewa kwa mafuta, chini ya 1 mafuta yamezidi) ya 0.78 hadi 0.85, ukikuta 0.95 kwenye busti kubwa, acha ngao, tafuta pampu ya mafuta iliyochoka au nozeli zilizoziba. La tatu ni masega ya kusafishia moshi (katalisti) yaliyoziba. Moshi unakosa pa kutokea, shinikizo linapanda kabla ya turbo, na joto lote linabaki mbele.

Kwa dizeli ni kinyume kidogo: mafuta mengi kuliko hewa ndiyo yanayopandisha joto. Hozi ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) iliyopasuka inatosha kabisa kuleta moshi mweusi na manifoldi nyekundu.

Na gasketi ya manifoldi inayovuja, jamani. Ule mchirizi mdogo wa moshi unafanya kazi kama tochi ya kuchomelea. Hakuna ngao ya kujitengenezea itakayodumu mbele yake. Alama yake ni masizi meusi yaliyochanua kama feni pembeni ya flenji, na mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi ambao hupungua ikipata moto.

---

Kijana wa Busti

Wakuu, nauliza kuhusu bati. Injini ni 2.0 ya petroli, turbo iko nyuma kuelekea ukuta wa kabini, na masta silinda ya breki iko sentimita 18 hivi kutoka kwenye daunipaipu (bomba la moshi linaloshuka kutoka kwenye turbo). Ngao ya kiwandani ilishatolewa ilipofungwa turbo kubwa. Nitumie bati gani na unene gani?

---

Fundi Jiliwa

Kijana, inategemea ngao inakaa wapi.

Karibu na moto, yaani milimita 10 hadi 30 kutoka kwenye manifoldi au konokono la turbo, tumia stenlesi ya daraja la 304, unene wa milimita 0.5 hadi 0.8. Ukipata 321 ni bora zaidi kwa sababu ina titani kidogo inayozuia chuma kudhoofika kwenye viungio vya kuchomelea kikikaa muda mrefu kwenye moto. Ila kwa ngao ambayo haigusi moshi, 304 inatosha kabisa. Chini ya 0.5 itapiga kelele na kupasuka kwenye matundu. Ikivuka milimita 1 utaumia bure kuikunja.

Kuanzia milimita 50 na kuendelea, alumini ya milimita 0.8 hadi 1.0 ndiyo kipenzi changu. Nyepesi, inakunjika kwa mkono, inang'aa. Lakini usiisogeze kwenye chuma chekundu. Alumini inayeyuka nyuzi 660 na inaanza kulegea mapema sana, kwenye nyuzi 200 nguvu imeshapungua vya kutosha kwa braketi kuning'inia.

Kati ya hayo mawili kuna bati la chuma lililopakwa alumini, ambalo viwanda vingi vya magari hulitumia. Ngao nyingi za kiwandani ni mabati mawili membamba ya aina hiyo yenye uwazi au sufi ya madini katikati. Ukipata ngao ya gari jingine kwenye vipuri vilivyotumika, ikate na uiumbe upya. Ni malighafi nzuri kuliko bati jipya.

Bati la kuezekea ni marufuku. Limepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na kidogo. Ikipata moto zaidi inatoa moshi mweupe unaoleta homa ya mafusho ya chuma: baridi, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye. Zaidi ya hapo, zinki iliyoyeyuka ikigusa stenlesi yenye moto inapenya ndani ya chuma na kukipasua. Kwa hiyo hata bolti na washa zilizopakwa zinki usizichanganye na manifoldi ya stenlesi.

Kwa masta silinda yako: ngao mbili. Moja ya stenlesi imkumbatie daunipaipu, nyingine ya alumini isimame karibu na masta. Bati moja linalong'aa linakata sehemu kubwa ya mnururisho, la pili linakata sehemu kubwa ya kilichobaki.

---

Kijana wa Busti

Shukrani bosi. Sasa nipe hatua, maana kukata bati najua ila kulifanya lisipige kelele sijui.

---

Fundi Jiliwa

Nashusha yote kwa mpangilio wa kazi. Kaa chini.

Anza na boksi la katoni. Injini ikiwa baridi, kata katoni, ikunje juu ya manifoldi, unganisha vipande kwa gundi ya karatasi hadi upate umbo. Ili nafasi ya hewa iwe sawa kila mahali, bandika vipande vya povu au mpira vya milimita 15 juu ya manifoldi kisha laza katoni juu yake. Ukilaza katoni moja kwa moja kwenye chuma utapata ngao iliyobana, kisha utabaki kushangaa kwa nini inaungua. Weka alama za bolti, kijiti cha oili, spana itakapopita kufungua sensa ya oksijeni, na mkono wa westigeti (mlango unaopunguzia turbo moshi ili busti isizidi) ukiwa umefungwa na ukiwa umefunguka. Mkono huo unatembea. Ukiusahau, ngao itauzuia na busti itapanda bila breki.

Funga boneti juu ya katoni ukiwa umeweka bonge la udongo wa kuchezea watoto juu yake. Fungua, pima udongo umebaki na unene gani. Milimita 20 kwenda juu ni salama, kwa sababu injini inatikisika.

Bapaza katoni, chora kwenye bati kwa kalamu ya wino, kisha ongeza milimita 8 pembezoni kwa ajili ya pindo. Usikwaruze mstari wa kukunjia kwa msumari, stenlesi itapasukia hapohapo.

Kata kwa mkasi wa bati au grenda yenye diski nyembamba ya milimita 1. Diski iliyokwisha kukata chuma cha kawaida usiitumie kwenye stenlesi. Inaacha chembe za chuma zitakazoota kutu na kuipunguzia bati mng'ao. Toboa matundu kwa kasi ndogo, mkono mzito, na tone la mafuta. Ukizungusha drili haraka huku hushindilii, stenlesi inajigandamiza na kuwa ngumu kama kioo, na drili inabaki kupiga mluzi.

Kunja pindo la milimita 8 pembezoni kote: bana bati kati ya vyuma viwili vya pembe kwenye jiliwa, ligonge kwa nyundo ya mpira hadi nyuzi 90, litoe, kisha ulilaze kabisa. Pindo ndilo linaloipa ngao ugumu, na linaficha makali yanayokata mikono na waya. Kwenye eneo pana lililo bapa piga mifereji miwili au mitatu ya kina cha milimita 2 hadi 3. Bati bapa lenye ukubwa wa sahani ya chakula litavuma tu kwenye mzunguko fulani wa injini, hakuna namna.

Sasa braketi, na hapa ndipo ngao nyingi hufia. Usifunge ngao kwenye injini na kwenye bodi kwa pamoja. Injini inayumba juu ya mauntingi zake kila unapokanyaga mafuta. Bati lililoshikwa pande zote mbili linapasuka kwenye tundu la bolti ndani ya wiki chache. Chagua upande mmoja. Ngao ya manifoldi ifungwe kwenye injini. Ngao ya masta silinda ifungwe kwenye bodi.

Tundu moja liwe duara la kubana, mengine yote yawe marefu. Hesabu ni hii: stenlesi hurefuka takriban milimita 0.017 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Ngao ya milimita 300 ikipanda nyuzi 500 inarefuka milimita 2.5. Bolti ya M6 kwenye tundu la milimita 6.5 haina pa kuipeleka hiyo milimita 2.5, kwa hiyo bati linavimba katikati na kugusa manifoldi. Tengeneza tundu la 7 kwa 11, mstari wake uelekee kwenye bolti ile ya kubana. Weka washa pana ya stenlesi juu na chini.

Nati za kujifunga ziwe za chuma kitupu. Zile zenye pete ya nailoni zinaanza kupoteza mshiko karibu na nyuzi 120. Kwenye nyuzi za bolti za stenlesi paka grisi ya nikeli, la sivyo bolti na nati zitang'ang'aniana na utaikata kwa grenda siku ya kufungua.

---

Geji Tatu

Hapo kwenye braketi niongeze neno. Usining'inize ngao kwenye stadi za manifoldi (bolti zisizo na kichwa zinazoishika) kama kuna sehemu nyingine. Stadi hizo zimebeba mzigo wa kutosha, na joto linapanda kupitia braketi kuingia kwenye ngao. Tafuta tundu la bolti lililo wazi kwenye kichwa cha silinda, au sikio la kunyanyulia injini. Ikikulazimu kutumia stadi ya manifoldi, weka kikopo kirefu cha stenlesi kama spesa, chembamba, cha milimita 20 hivi. Stenlesi inapitisha joto polepole kuliko chuma cha kawaida, urefu huo unaonekana kwenye kipimo.

---

Mama Karakana

Fundi Jiliwa, kuna moja umeliruka: rangi. Naona watu wanatengeneza ngao nzuri, halafu wanaipulizia rangi nyeusi ya joto ili ifanane na injini. Upande unaotazama moto ukiwa mweusi unameza mnururisho wote. Upande unaotazama masta silinda ukiwa mweusi unautema wote. Umeharibu kazi pande zote mbili. Iache ing'ae ndani na nje, na ifutwe kila huduma, maana vumbi na oili vinapunguza mng'ao vilevile.

---

Kijana wa Busti

Na bandeji jamani? Kila mtu ananiambia nizungushe bandeji daunipaipu nzima na manifoldi.

---

Msumari Moto

Bandeji kwenye daunipaipu ya stenlesi, sawa. Kwenye manifoldi ya chuma cha kusubu, binafsi sikubali.

Bandeji inafanya kazi kwa kulifungia joto ndani ya bomba. Faida yake ni moshi kubaki na nguvu na boneti kupoa. Gharama yake inalipwa na chuma chenyewe: bomba lililokuwa likijipooza kwa nje sasa linakaribia joto la moshi uliomo ndani. Manifoldi ya kusubu inapanda isivyo sawa, mahali palipofungwa panatanuka, kwenye flenji hapatanuki, ufa unatokea kwenye shingo kati ya matundu. Manifoldi ya mabomba ya chuma laini inaliwa na magamba ya kutu hadi unaibomoa kwa bisibisi.

---

Piga Kavu

Sikubaliani moja kwa moja, mkuu. Mabomba ya stenlesi yaliyochomelewa vizuri, gari ya mbio inayofunguliwa na kukaguliwa kila mara, bandeji inafaa hata kwenye manifoldi. Tatizo ni gari ya kila siku inayolala nje kwenye unyevu na kutembea safari fupi. Bandeji inanyonya maji, injini inazimwa kabla haijakauka, chumvi na tindikali ya moshi vinakaa juu ya chuma. Hapo nakubali.

---

Msumari Moto

Kwa gari ya mbio sawa, kwa sababu kuna mtu wa kuikagua. Aliyeuliza hapa ana gari ya barabarani.

Sasa kwa anayefunga daunipaipu, vipimo hivi hapa. Bandeji ya nyuzi za kioo za kawaida inavumilia karibu nyuzi 550 mfululizo. Ya mwamba wa volkano, ile ya rangi ya shaba, inakwenda juu zaidi. Ya silika inafika karibu 1000, ndiyo ya karibu na turbo.

Urefu: bomba la milimita 63 lina mzingo wa milimita 198. Bandeji ya upana wa 50 ikipandiana 12 inasonga mbele milimita 38 kila mzunguko. Mita moja ya bomba ni mizunguko 26 na kidogo, mara 198, unapata mita 5.2. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya mikunjo. Usizungushe tabaka mbili, unazidisha maradhi yale yale ya chuma.

Ya nyuzi za kioo iloweke dakika 15 ili itulie na isirushe vumbi. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa ya chembechembe. Anza upande wa chini, panda kuelekea juu, ili kila mzunguko uuvike wa chini kama vigae vya paa na maji yateleze. Vuta kwa nguvu wakati wote. Funga mwanzo na mwisho kwa tai za stenlesi, na moja kila sentimita 20 hadi 30. Acha wazi sensa ya oksijeni, bomba la kunyumbulika lenye wavu, na viungio vyote vya bolti. Safari ya kwanza itatoa moshi na harufu kwa dakika 20 au zaidi; fanyia nje, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

---

Mama Karakana

Usiifunge bandeji kama kuna tone lolote la oili linalovuja juu yake. Hili naliandika peke yake ili lisipotee. Bandeji ni utambi. Inanyonya oili ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha valvu) au mafuta ya pawa stelingi, inaikusanya, na ikifika joto lake inawaka bila cheche. Hata petroli ikivujia hapo, huwaka yenyewe kuanzia kama nyuzi 250 hivi. Bandeji iliyolowa oili haioshwi, inatolewa na kutupwa. Hii inahusu blanketi la turbo pia.

---

Kijana wa Busti

Blanketi la turbo nalo lina shida?

---

Geji Tatu

Likifungwa mahali pake halina. Linavishwa konokono la upande wa moto peke yake. Upande wa hewa ni alumini na unatakiwa upoe. Kifua cha kati chenye beringi ndicho kinachouliwa na watu: ukikivika, oili inayopita mle inapikwa, inageuka masizi magumu na kuziba njia, kisha beringi inakauka. Acha angalau sentimita moja wazi kati ya ukingo wa blanketi na kifua hicho. Mkono wa westigeti uwe huru, springi za kufungia ziwe upande usiogusa hozi.

Joto baya zaidi kwa turbo halipo ukiwa barabarani, lipo ukishazima. Oili imesimama, maji yamesimama, konokono bado ni la moto na linamimina joto kwenye kifua. Blanketi linalirefusha jambo hilo. Kwa hiyo baada ya kukanyaga sana, acha injini ingurume sailensa dakika moja hadi mbili, au malizia kilomita mbili za mwisho taratibu, ambavyo ni bora zaidi. Kama turbo ina njia za maji, hakikisha bomba la kutokea linapanda mfululizo kuelekea kwenye tangi bila kuweka tumbo. Maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanaingia chini, hata injini ikiwa imezimwa. Bomba likiwa na tumbo, mvuke unakwama pale na mzunguko unakufa.

Sufi ya seramiki iliyomo kwenye blanketi za bei rahisi usiifumue. Nyuzi zake zinashukiwa kusababisha saratani zikivutwa kwenye mapafu. Blanketi lililochanika ni la kutupa, usilishone.

---

Piga Kavu

Tusisahau vile vinavyolindwa. Mafuta ya breki ya DOT 4 mapya yanachemka kwa uchache kwenye nyuzi 230, yakishanyonya maji yanashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka unapata povu, na pedali inazama hadi sakafuni. Kwa hiyo kijana, pamoja na ngao zako mbili, badilisha mafuta hayo. Ni lita moja tu.

Waya za kawaida zenye ganda la plastiki laini zinavumilia karibu nyuzi 105. Zisogeze kwanza. Kusogeza waya sentimita tano ni bure na kunashinda soksi yoyote. Isipowezekana, zivishe soksi ya nyuzi za kioo iliyopakwa silikoni, inayovumilia 260. Ule utepe wa dhahabu unaong'aa ni wa kubandika kwenye bomba la hewa au ukuta wa kabini, si kwenye ekzosi. Gundi yake inafia hapo.

Na bomba la hewa ndilo linalorudisha nguvu. Hewa ikipanda nyuzi 10 kutoka 27, uzito wake unapungua kama asilimia 3. Chujio lililo wazi nyuma ya rejeta, bila ukuta wa kulitenga na turbo, linavuta supu.

---

Fundi Jiliwa

Supu, ha! Kweli lakini.

Kuhusu hewa: ngao isiyo na mlango ni tanuri. Acha uwazi chini na juu, hewa iingie chini na kutokea juu. Iliyofunga pande zote inapata joto lote na mwisho inanururisha yenyewe.

Wanaotoboa boneti, msitoboe nyuma karibu na kioo. Gari ikitembea, pale kuna shinikizo kubwa, hewa itaingia badala ya kutoka. Mahali pake ni mbele zaidi, nyuma kidogo ya rejeta.  Na mvua itaingia kwenye matundu hayo, kwa hiyo yasiwe juu ya koili wala konokono.

---

Kijana wa Busti

Nitajuaje kama imefanya kazi? Bunduki ya kupimia joto ninayo.

---

Geji Tatu

Bunduki itakudanganya kwenye bati linalong'aa. Imepangwa kusoma uso mweusi, kwa hiyo stenlesi ya nyuzi 300 inaweza kukuonyesha 90 na ukafurahi bure. Paka doa la rangi nyeusi ya joto lenye ukubwa wa sarafu upande wa nje, pima hapo tu. Doa moja halitaharibu ngao.

Bora zaidi ni vibandiko vya joto, vile vinavyobadilika rangi na kubaki hivyo. Kimoja kwenye mwili wa masta silinda, kimoja kwenye plagi ya waya iliyo karibu, kimoja kwenye bomba la hewa. Tembea bila ngao, andika. Bandika vipya, tembea njia ileile na ngao. Baada ya kuzima subiri dakika 15 kabla ya kusoma, maana kilele kinakuja gari ikiwa imeegeshwa. Kwa upande wa moto tumia themokapo (waya wa kupimia joto) ya aina ya K, iliyobanwa chini ya washa ya bolti.

---

Mama Karakana

Na baada ya kupata moto na kupoa mara tatu nne, kaza bolti zote upya. Zitakuwa zimelegea kidogo. Angalia ndani ya ngao kama kuna alama ya kung'ara iliyosuguliwa: hapo inagusa, ipinde kwa nje. Ikiwa bado inavuma kwenye mzunguko mmoja wa injini, usiongeze bolti ya nne kwa kubahatisha. Ishike kwa kijiti cha mbao mkiwa wawili, mmoja anakanyaga mafuta kidogokidogo. Utakapoigusa ikanyamaza, piga mfereji hapo.

---

Kijana wa Busti

Nimeelewa wakuu. La mwisho: ngao ya chini, ile ya masega, ilikuwa inapiga kelele ikang'olewa. Niiache?

---

Fundi Jiliwa

Irudishe. Masega yakifanya kazi yanakuwa na mamia ya nyuzi, na chini yake kuna majani makavu siku ukiegesha porini. Juu yake kuna zulia la kabini na pengine bomba la mafuta. Mara nyingi kelele ni tundu lililoliwa na kutu likawa pana kuliko kichwa cha bolti. Weka washa pana ya stenlesi ya milimita 30, au zungusha klipu ndefu ya hozi ya stenlesi kuikumbatia ngao na bomba pamoja. Dakika kumi, bila hata kutoboa.